Tairi la mawe ya Menengai: tazama ubavu kabla ya meno

Tairi la nyuma la baiskeli yangu lilichanika Jumapili moja ya Februari, saa nne na nusu asubuhi, nikiteremka ndani ya kreta ya Menengai, hapa Nakuru. Nasema lilichanika, si lilitoboka. Ulikuwa mkato wa urefu wa kidole gumba, ubavuni, juu kidogo ya rimu, umenyooka kana kwamba mtu amepitisha wembe. Tyubu ikachungulia pale kama ulimi, ikavimba, ikalia pa! Nyani waliokuwa kwenye vichaka vya leleshwa wakatawanyika. Meno ya tairi hilo yalikuwa mapya kabisa. Nilikuwa nimelinunua wiki tatu kabla kwa ajili ya meno hayohayo: marefu, yameachana, ya kutisha kama ya trekta.

Baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli Njoro, enzi ambapo baiskeli maana yake ni black mamba, ile nyeusi nzito ya chuma. Mtu akimletea tairi, meno hakuyaangalia. Alishika ubavu kwa vidole viwili, akausugua kama mama anayepima kitenge sokoni, akaukunja, akautazama kwenye jua, kisha akasema "hili litafika" au "hili halifiki." Hakueleza zaidi. Mimi nikaona ni mambo ya wazee. Siku ile nilisukuma baiskeli kilomita saba, nyingi zake za kupanda, na kila hatua nilikuwa namsikia akisema halifiki.

Basi kukueleza namna ya kuchagua tairi la njia za mawe, nitaanza alikoanzia yeye: ubavuni.

Mawe yetu si kama mawe ya mtoni. La mtoni limeviringishwa na maji. Litakuangusha, lakini halikati. Sakafu ya Menengai ni lava iliyoganda, nyeusi, kingo zake bado kali. Ukielekea Eburru na mbuga ya Hell's Gate unakutana na obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano. Kule Kariandusi, karibu na Gilgil, watu wa kale walichonga mashoka ya mkono kwa obsidiani. Jiwe lililowafaa watu kuchunia nyama halitashindwa na mpira wa milimita moja.

Mwiba kwa kawaida huingilia juu, kwenye meno. Jiwe huingilia ubavuni. Unapopita kati ya mawe mawili, meno yanakanyaga la chini huku ubavu ukisuguana na la kando, na wewe umekaa juu na uzito wako wote. Kwa bahati mbaya ubavu ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote, kwa kuwa mtengenezaji akitaka kupunguza gramu huanzia hapo. Tairi jepesi la mashindano la inchi 29 lina gramu kama 650 au 700. La kukimbilia njia za mawe huanzia 850 na kupita kilo moja. Zile gramu 200 za ziada sehemu kubwa zimo ubavuni, na mimi sizilalamikii tena.

Utajuaje dukani? Soma maandishi. Tairi moja lenye jina moja na meno yaleyale huuzwa likiwa na mavazi tofauti, na hapo ndipo watu huponzwa. Kwa matairi ya kampuni ya Maxxis tafuta neno EXO, maana yake ubavu umeongezewa kitambaa cha kuzuia mkato. Schwalbe za zamani kidogo zimeandikwa SnakeSkin, mpya zimeandikwa Super Trail au Super Ground kulingana na unene. Continental huandika ProTection. Tairi lenye jina kubwa lakini halina neno lolote la namna hiyo huwa ni toleo la bei nafuu au la mashindano. Muuzaji atakuambia "ni ileile." Si ileile.

Utaona pia TPI na nambari: 27, 60, 120. Hizo ni nyuzi za kitambaa kwa kila inchi. Wengi hudhani 120 ni bora kwa kuwa ni kubwa. Nyuzi zikiwa nyingi huwa nyembamba, tairi linakuwa jepesi na laini, linajikunja vizuri juu ya kokoto. Nyuzi 60 ni nene zaidi na zimeshikwa na mpira mwingi zaidi. Kwa lava mimi nachukua 60 zenye ulinzi wa ubavu, na nikikosa ulinzi basi angalau 60. Ile 27 iliyo kwenye matairi ya bei ya chini kabisa ni nzito na ngumu kama gunia, lakini sitaitukana. Nimewaona vijana wa Bahati wakizunguka nayo mwaka mzima.

Baada ya kusoma, fanya alivyofanya Baba. Bana ubavu kati ya kidole gumba na cha shahada, usugue. Ukihisi vidole vyako vinakaribia kukutana, kama umeshika ngozi ya puto, rudisha. Ukihisi kuna kitu katikati, kama turubai ndani ya mpira, endelea. Kisha ukunje na utazame mkunjo: nyufa nyembamba kama za kisigino kilichokauka ni dalili kuwa mpira umekufa, hata kama meno yanang'aa. Jihadhari hasa na matairi yaliyotundikwa nje ya duka kwa maonyesho. Jua la Nakuru, mita 1,850 na zaidi juu ya bahari, halina huruma na mpira.

Ukubwa ni jambo fupi lakini lina mtego. Nina duka la agrovet, la dawa za mifugo, na mzee mmoja mteja wangu alikuja siku moja kununua dawa ya kupe akiwa na tairi jipya kwapani, zawadi ya mjukuu wake mwenye baiskeli ya 29. Lilikuwa limeandikwa 28 x 1½.

"Mzee wangu, hili ni la black mamba."

"Binti, inchi moja tu! Si litavutika?"

Nikamwonyesha nambari ndogo za ubavuni. Lile la 28 lilikuwa 635, na la mjukuu ni 622. Hizo ni milimita za kipenyo pale tairi linapokaa kwenye rimu. Yaani hilo la 28 ndilo kubwa, lingening'inia kama shati la kuazima. Mzee akacheka mpaka akakohoa: "Basi waliotengeneza hawajui kuhesabu."

Alisema kweli. Kwa hiyo achana na inchi, soma milimita: 559 ni 26 ya baiskeli ya mlima, 584 ni 27.5, 622 ni 29. Na 26 yenye sehemu, kama 26 x 1⅜, ni 590. Haiingii kwenye rimu ya 26 yenye nukta, kama 26 x 2.1. Nambari hizo huandikwa hivi: 57-622, ya kwanza ikiwa upana.

Kuhusu upana, njia za mawe makavu zinataka hewa nyingi chini yako. Mimi nina inchi 2.4 mbele na 2.3 nyuma. Ukiwa na baiskeli ya mtumba ya 26 yenye breki za kubana rimu, huenda 2.1 au 2.2 ndiyo mwisho wake, na hapo hakuna ubishi. Pima kwa penseli: gurudumu likiwa limefungwa, penseli ipite kati ya tairi na fremu pande zote, juu na kando. Isipopita, siku rimu ikipinda kidogo tairi litaanza kula fremu. Rimu nyembamba nayo haipendi tairi nene. Tairi linasimama kama balbu na kuyumba kwenye kona. Rimu yenye milimita 19 au 21 kwa ndani iridhike na 2.1 hadi 2.25. Za kisasa za 25 hadi 30 zinabeba 2.3 hadi 2.5 bila shida.

Sasa meno, maana najua ndiyo uliyokuja kuulizia.

Nilipolinunua lile la trekta nilifikiri meno marefu hushika zaidi. Hushika zaidi kwenye matope. Mwezi wa nne, njia za Mau zikigeuka uji, jino refu linazama na kutafuta ardhi ngumu chini. Kwenye mwamba hakuna pa kuzama. Jino refu linasimama juu ya jiwe kama mtu aliyevaa viatu vya visigino virefu juu ya vigae: likisukumwa linalala, likilala linateleza, na likilala mara elfu linang'oka mzizi. Kwa mwamba unataka mpira mwingi unaogusa jiwe kwa wakati mmoja, yaani meno ya kati mafupi kiasi, mapana, yaliyokaribiana, yenye vijimkato juu yake. Vijimkato hivyo hulifanya jino lifunguke kidogo na kukumbatia ukwaruzo wa jiwe.

Ila njia zetu si mwamba mtupu. Jina Nakuru lenyewe husemwa limetoka kwenye neno la Kimaasai la mahali penye vumbi, na ukipita msitu wa Menengai mwezi wa pili utaamini. Kuna unga wa majivu ya volkano, laini kama unga wa muhogo, umefunika ardhi ngumu. Juu yake kuna kokoto zinazobingirika kama gololi. Hapo tairi lenye meno mafupi katikati na mafupi kando litakuangusha kwenye kona ya kwanza. Kinachokuokoa ni meno ya pembeni: marefu kidogo kuliko ya kati, mapana chini ili yasikunjike, yamejipanga mstari mmoja imara. Ukilalia kona, yanapasua unga na kufika kwenye ardhi ngumu. Tazama tairi kwa mbele, usawa wa macho. Likiwa mviringo kabisa kama yai, kona litaingia polepole na bila kukushtua. Likiwa na bega, pembeni yamesimama, litashika sana ukilalia kwa ujasiri, lakini ukiingia nusunusu kuna sehemu ya katikati linapoelea. Mimi ni mwoga; nachukua lenye mviringo.

Mbele na nyuma si kazi moja, kwa hiyo si lazima yafanane. La mbele ndilo linaloongoza na kubeba breki nyingi, likiteleza umeanguka. La nyuma likiteleza unatukana na kuendelea. Mbele weka pana zaidi, meno ya pembeni makali zaidi, mpira laini. Nyuma weka lenye meno mafupi linalokimbia, mpira mgumu zaidi maana linalika haraka, na ubavu mnene kuliko yote, kwa kuwa ndilo linalobeba uzito wako na kugongwa na jiwe ambalo la mbele limekwisha kulivuka. Kama una pesa ya tairi moja tu zuri, watu wa barabarani watakuambia mbele. Kwa Menengai mimi ningesema nyuma, na niko tayari kubishana.

Ugumu wa mpira hupimwa kwa kipimo cha Shore A. 50 ni laini, 60 na kuendelea ni mgumu. Matairi mengi dukani hayaandiki. Tumia kucha: bonyeza jino, ukiachia litazame linavyorudi. Laini linabaki na alama kidogo kisha linajaa taratibu. Gumu linarudi hapohapo kama hukuligusa.

Kabla hujafunga tafuta mshale ubavuni. Unaonyesha upande wa kuzungukia. Baadhi ya matairi yana mishale miwili, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma. Nimewahi kuendesha miezi miwili likiwa kinyume na sikujua, kwa hiyo si msiba, lakini kwenye breki utasikia tofauti.

Haya yote yanaharibiwa na upepo mbaya. Nimeona tairi la maelfu ya shilingi likiendeshwa limejazwa mpaka linalia kama ngoma. Kituo cha petroli usimwachie kijana pampu: tairi la baiskeli huingia upepo kidogo tu, naye anakuwekea PSI 60, kile kipimo cha nguvu ya upepo, kabla hamjamaliza kusalimiana. Tairi lililojaa hivyo halikumbatii jiwe, linaruka juu yake, na kila mruko ni sekunde ambayo huna breki.

Mimi nina kilo 68. Kwa tyubu naweka PSI 30 mbele na 33 nyuma. Bila tyubu, 22 mbele na 25 nyuma. Ukiwa mzito ongeza, ukiwa mwepesi punguza, na upate kipimo chako hivi: tafuta jiwe moja la kimo cha tofali, lipite mara tatu kwa mwendo wa kawaida ukiwa umesimama kwenye pedali. Ukisikia kang! ya rimu kugonga, ongeza 2. Usiposikia chochote na mikono inatetemeka, punguza 2. Rudia. Nusu saa ya kuzungukia jiwe moja, majirani wakikushangaa. Andika nambari kwa kalamu ya wino ukutani pale unapoegesha baiskeli. Kipimo kidogo cha upepo ni cha lazima. Kidole gumba hudanganya, hasa tairi likiwa na ubavu mnene kama ninavyokushauri, maana hata likiwa tupu huhisi limejaa.

Ukiwa na tyubu na upepo mdogo, jiwe linabana tyubu dhidi ya rimu na kuiachia matundu mawili sambamba, kama nyoka ameuma. Ukiona hivyo usitafute mwiba, hakuna. Ndiyo sababu wengi wetu tumehamia tyublesi, kama matairi ya boda za siku hizi: tairi linakaa kwenye rimu bila tyubu, ndani kuna dawa ya kuziba. Upepo unashuka, mshiko unaongezeka, na miba ya migunga ya Hell's Gate, ambayo zamani ilikuwa ikinisimamisha kila safari, siku hizi naichomoa nyumbani jioni kwa koleo huku nikihesabu. Mbigili nao, vile vimbegu vyenye pembe vinavyotambaa kando ya njia, huishia hapohapo.

Tairi na rimu ziwe zimetengenezwa kwa tyublesi. Usilazimishe rimu ya zamani. Dawa iingizwe kwa kipimo: tairi la 29 kwa 2.35 mililita 100 hivi, la 26 jembamba 60 au 70. Hapa duka langu linanisaidia. Sirinji ya mililita 60, ile ya kunyweshea ndama dawa, inaingiza dawa ya tairi kupitia valvu bila kumwaga tone, ukishatoa kile kiini cha valvu. Tikisa chupa kwanza kwa nguvu, maana chembechembe zinazoziba hulala chini. Msimu wa ukame dawa hukauka haraka. Mimi hufungua na kuongeza kila baada ya miezi miwili. Wanaokaa na ileile mwaka mzima hukuta utando kama ngozi ya maziwa na hakuna kingine.

Kama bado uko kwa tyubu, na hakuna aibu, chukua mbinu ya Baba: kata tyubu kuukuu katikati kwa urefu, toa valvu, itandike kati ya tairi na tyubu mpya. Unaongeza uzito, unazuia mbigili. Mwiba mrefu wa mgunga utapita bado.

Na mkato wa ubavuni? Dawa haiuzibi ukishazidi milimita chache. Tangu Jumapili ile sitoki bila pakiti ya maziwa iliyooshwa, kukaushwa na kukunjwa mara nne. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka 2017 nilidhani nimeishiwa viraka, kumbe ya maziwa ni migumu zaidi. Unafungua tairi upande mmoja, unaweka pakiti kwa ndani ifunike mkato na kuzidi kila upande, unaweka tyubu ya akiba, unajaza nusu, unatazama. Pakiti ikianza kuvimba kupitia mkato, toa upepo uongeze mkunjo mmoja. Kisha nenda nyumbani polepole, uzito wako wote mbele. Kipande cha ubavu wa tairi kuukuu hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, ila kinaumiza mgongoni kwenye begi.

Lile tairi la trekta bado ninalo. Nililishona kwa uzi wa viatu na kumpa kijana anayeniletea maziwa asubuhi. Anapita lami mpaka Lanet na kurudi, na kila tukionana ananiambia lina meno mazuri sana.